Kitufe cha Ghairi kikate kweli

Mdogo wangu unayeanza kutengeneza programu za simu hapa Uganda, ukishaweka mstari unaoonyesha upakuaji umefika wapi, kazi bado. Weka kitufe cha Ghairi, kisha uhakikishe kinafanya kazi.

Mtumiaji wako huenda ni mwalimu wa Kiswahili kule Arua anayepakua mitihani ya nyuma kwa bando la siku. Bando lenyewe tangu Julai 2021 linatozwa ushuru wa asilimia 12. Akiona asilimia 34 haisogei na kubonyeza Ghairi, anataka data yake iache kuliwa papo hapo. Programu nyingi huondoa tu dirisha machoni pake, huku nyuma faili likiendelea kuingia. Kwangu huko ni kumlia mtu pesa. Usimuulize hata "Una uhakika?", maana anapolisoma swali data inazidi kwenda.

Jipime hivi: anza kupakua faili kubwa, ghairi, halafu tazama kasi ya data juu ya kioo cha simu. Ikiendelea kuhesabu, hujakata kitu. Amri ya kughairi lazima ifike kwenye muunganisho wenyewe. Kwa OkHttp, maktaba ya Android ya kutuma maombi ya mtandao, ita cancel kwenye ombi husika. Kwenye kivinjari, ipe fetch (amri ya JavaScript ya kupakua) ishara ya AbortController, chombo cha kuikatisha.

Kukwama ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi hukosea. Abiria aliye njiani kwenda Gulu akipoteza mnara, hakuna anayeiarifu programu yako. Muunganisho wa TCP, yaani njia ambayo data hupitia kati ya simu na seva, unaweza kukaa kimya bila kutoa kosa lolote; kwenye Linux, ambayo ndiyo msingi wa Android, hata keepalive (kipimo cha kuona kama upande wa pili bado upo) ikiwashwa, kwa kawaida husubiri saa 2 ndipo ipime. Kwa hiyo weka kikomo cha ukimya: kila data ikiingia, hesabu inaanza upya. Kikomo cha kusoma cha OkHttp hufanya hivyo, na kwa kawaida ni sekunde 10. Ukiweka dakika 5 kwa faili zima, utamkatia mtu wa 2G ambaye faili lake linakuja, taratibu lakini linakuja. Huyo mwache. Aliyekwama mwambie wazi kwamba mtandao umekatika, umpe Jaribu Tena na Ghairi, achague mwenyewe.

Akighairi, futa kipande kilichoingia, simu nyingi hazina nafasi. Akisitisha kwa muda, kitunze, kisha uombe kilichobaki kwa kichwa cha Range, mstari wa ombi unaotaja sehemu ya faili unayoitaka. Soma namba ya jibu la seva kwa makini: 206 maana yake inakuletea kipande ulichoomba, lakini 200 maana yake inaanza faili upya. Ukiunganisha hilo la 200 na kipande cha zamani, faili limeharibika na bando limekwenda. Tuma pia kichwa cha If-Range chenye ETag ya mwanzo (alama ya toleo la faili inayotolewa na seva), ili kipande kije tu kama faili ni lilelile, kwani faili linaweza kuwa limebadilishwa kwenye seva.

Muda wote huo liandike faili kwa jina la muda, lenye mwisho kama .part, na ulipe jina lake halisi likishakamilika tu. Bila hivyo nusu faili litakaa kwenye orodha kama zima, na likibonyezwa ligome kufunguka.