Re: WordPress inagoma kuunganika na databesi kwenye laptopu

Mkuu hiyo ya WordPress (programu ya kutengeneza tovuti) kugoma kuunganika na databesi wala sio ishu kubwa. XAMPP, ile programu inayoigeuza laptopu kuwa seva, haikutengenezei databesi, inabidi uingie phpMyAdmin (ukurasa wa kusimamia databesi, unakuja na XAMPP) uiunde mwenyewe kwanza, jina lolote tu, afu kwenye wp-config.php (faili la mipangilio ya WordPress) weka jina hilohilo, yuza ni root na paswedi acha tupu kabisa, wengi hapo wanajaza paswedi ya laptopu afu wanaanza kulia. Cheki pia MySQL, ile inayoendesha databesi, imewaka kwenye XAMPP, mi kuna siku nimehangaika masaa mawili kumbe hata sijaiwasha 😂

Apache (seva ya XAMPP inayofungua tovuti) ikigoma kuwaka mara nyingi kuna programu nyingine imekalia poti 80, yaani mlango ambao Apache inautumia, we hamia poti 8080 kabla hujainstoo WordPress, maana anwani ya tovuti pamoja na poti inahifadhiwa kwenye databesi, ukibadili baadae itakusumbua.