Kwa nini mapangaboi yalikata mkia ilhali helikopta ilikuwa imeshagusa ardhi?

SWALI: Mhandisi, mimi ni mwanafunzi wa urubani jijini Nairobi. Tulikuwa tukifanya zoezi la kushuka bila nguvu ya injini katika helikopta aina ya Robinson R22, tukatua kwa kishindo na mapangaboi yakakata mkia. Mimi na mwalimu wangu tulitoka salama. Nisichoelewa ni hiki: miguu ilikuwa tayari imegusa ardhi, mapangaboi yalifikaje mkiani? Na kama mkia usingekatika, je, tungeweza kuendelea kuruka siku ile?

JIBU: Poleni sana, na tumshukuru Mungu kwamba mlitoka wazima. Sikuiona helikopta yenu, kwa hiyo nitaeleza jinsi ajali ya namna hiyo inavyotokea kwa kawaida, bila kuamua ni nani aliyekosea.

Nguvu ya injini inapoondolewa, rota, yaani mapangaboi pamoja na kitovu chake, huzungushwa na hewa inayopita kutoka chini kwenda juu kadiri helikopta inavyoshuka, na mzunguko huo ndio akiba pekee ya nguvu mtakayoitumia kutua kwa upole. R22 ina mapangaboi mawili mepesi na uzito wake wa juu kabisa ni kilo 622, hivyo akiba yenyewe ni ndogo. Isitoshe, nguvu hiyo hupungua kwa kipeo cha pili cha mwendo: rota ikishuka hadi asilimia 90 ya mzunguko wake, nguvu iliyobaki ni asilimia 81 tu.

Kitabu cha rubani kinaelekeza kushuka kwa mwendo wa noti 65 hivi (kama kilomita 120 kwa saa), kuanza kunyanyua pua kwenye futi 40, kuilaza helikopta sawa kwenye futi 8, kisha kuvuta kolektivu, wenzo unaoongeza pembe ya mapangaboi yote kwa pamoja, muda mfupi kabla ya kugusa. Helikopta hii hushuka kwa takriban futi 1,500 kwa dakika, yaani futi 25 kila sekunde, na kwa hiyo asiyevunja mwendo kwenye futi 40 huifikia ardhi kabla ya sekunde mbili kwisha. Mwanafunzi anayeona ardhi ikimjia kasi hivyo huvuta kolektivu mapema mno, tuseme kwenye futi 15. Honi ya kuonya kwamba mzunguko wa rota umepungua mno inalia, akiba inaishia hewani, na helikopta inaanguka futi zilizobaki kama gunia. Nairobi ina ugumu wake pia. Uwanja wa Wilson uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na alasiri yenye joto mwendo halisi hewani huzidi ule unaosomeka kwenye kipimo kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo kuna mwendo mwingi zaidi wa kuvunja.

Sasa nije kwenye mkia. Kinachoyafanya mapangaboi yanyooke ni mzunguko wenyewe, na rota iliyopunguza mzunguko huwa na mapangaboi legevu yanayoyumba juu na chini. Mara nyingi visigino vya miguu, yaani ncha zake za nyuma, ndivyo vinavyogusa kwanza. Pua inabamizwa chini, mkia unanyanyuka, na rubani, kwa silika tu, anavuta nyuma sikliki, fimbo inayoilaza rota mbele, nyuma au kando, ili kuirudisha pua juu. Kwa kufanya hivyo anailaza rota kuelekea nyuma wakati ule ule mkia unapopanda, na viwili hivyo vinakutana. Kwa hiyo kugusa ardhi hakukuwa mwisho wa tukio. Hatari ya kukata mkia ilianzia hapo.

Kuhusu swali lako la pili, jibu ni hapana. Mirija ya chuma inayoshika miguu imeundwa ipinde ili inyonye kishindo, na mpindo mdogo unakubalika. Ndiyo maana mafundi hupima kwa futikamba kutoka kwenye kichuma cha chini ya mkia hadi sakafuni na kulinganisha na kipimo cha mtengenezaji. Lakini miguu iliyopanuka kidogo inakuambia tu kwamba kishindo kilipita hapo, haikuambii kiliishia wapi. Mimi huanza pale mkia unapoungana na kiunzi, nikiwa na tochi na kioo kidogo: natafuta bati lililojikunja, rangi iliyopasuka kando ya weldi, na vumbi jeusi linalozunguka ribiti iliyolegea. Mapangaboi yakishagonga kitu, ukaguzi unapanda hadi kwenye giaboksi, shafti na injini, kwa sababu msukosuko wa kusimama ghafla husafiri njia hiyo yote. Kwa mujibu wa Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, uharibifu mdogo wa miguu peke yake hauhesabiwi kuwa ajali, ilhali mkia uliokatika ni ajali inayopaswa kuripotiwa na kuchunguzwa.

Mkirudi kwenye zoezi hili, kumbukeni ushauri wa mtengenezaji: msifululize mazoezi zaidi ya matatu au manne, kwa kuwa uchovu huingia bila kubisha hodi, na kama mzunguko, mwendo na kasi ya kushuka havijatulia mnapofika futi 100, rudisheni nguvu ya injini mara moja. Ikitokea tena mkatua kwa nguvu, hata kama kila kitu kinaonekana kizima, zimeni injini na mwandike tukio hilo katika daftari la helikopta, mkitaja kama ni visigino au vidole vya miguu vilivyotangulia kugusa. Fundi akisoma hayo atajua pa kuanzia.