Ukiona Kinundu kwenye Grafu, Toa Mkono Kwenye Kichujio

Juzi mwanafunzi mmoja wa fizikia aliniandikia: "Nina kinundu kwenye grafu, kimefika sigma 3. Nimwambie nani kwanza?" Kinundu ni nukta za data zilizopanda juu ya matarajio, huenda kwa sababu ya chembe mpya; sigma hupima ilivyo vigumu bahati tupu kukileta. Niliusoma ujumbe wake mara tatu. Kinundu hicho nakijua, maana nami niliwahi kuwa na changu.

Nilikuwa natafuta chembe ya kwaki nne (kwaki ni vipande vidogo vinavyounda protoni) kwenye data za migongano ya protoni. Usiku mmoja nukta tatu zikasimama juu ya mstari wa matarajio, ile ya katikati juu zaidi. Nikakaza kidogo kichujio, yaani masharti ya kuchagua migongano ya kuhesabu, zikapanda. Nikakaza tena, zikapanda tena. Mikono ilinitetemeka. Asubuhi nikaita kikundi kizima, na kufika mchana nilishaanza kuandika makala. Data za mwaka uliofuata zilipoingia, pale palikuwa tambarare. Mkubwa mmoja akasema mbele ya watu, "Chembe hiyo umeichonga mwenyewe." Alisema kweli, lakini hadi leo neno hilo linanichoma.

Wakubwa zangu pia yamewakuta. Pentakwaki, chembe ya kwaki tano, iliyotangazwa Japani mwaka 2003 ilifutika data zilipoongezeka. Desemba 2015, ATLAS na CMS, timu mbili za majaribio kule CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya, walionyesha ziada ya jozi za fotoni, chembe za mwanga, karibu na GeV 750 (GeV ni kipimo cha nishati). Wananadharia wakaandika mamia ya makala, na Agosti 2016 ziada ile haikuwepo tena. Lakini mwaka huohuo wa 2015, LHCb, timu nyingine ya CERN, walitangaza pentakwaki za aina nyingine kwa zaidi ya sigma 9, na hizo zimesimama.

Basi ndugu yangu, panga vichujio vyako kabla hujatazama. Ziba eneo unalotarajia chembe yako, upime mandharinyuma, yaani matukio ya kawaida yasiyo ya chembe hiyo, kwa data za pembeni. Sigma 3 ina maana bahati tupu ingeleta kinundu hicho mara 1 kati ya 740 hivi, na wewe umepekua sehemu ngapi za grafu? Ukipekua mamia, kinundu kitakutokea tu. Ndiyo maana tunadai sigma 5, takriban 1 kati ya milioni 3.5. Na ukishaona, usiguse kichujio. Narudia: usikiguse! Heshimu data, usizibembeleze zikuambie unachotamani.

Wa kumwambia kwanza ni mwenzako atakayerudia uchambuzi wote kwa programu yake mwenyewe. Grafu yangu ya sasa ina pengo jeupe katikati, ndilo eneo nililoliziba. Miezi inakaribia minane sasa, na sijalifungua.