Re: Hivi Roy Keane aliwahi kuwa kocha au ni mropokaji wa TV tu?

Aliwahi mkuu, huyu kiungo wa zamani wa Man U alianza ukocha kwa kishindo. Agosti 2006 alipewa Sunderland ikiwa karibu na mkia wa Championship (ligi daraja la pili England), na aliyemwajiri ni mwenyekiti wa klabu Niall Quinn, mchezaji mwenzake wa zamani Ireland, yule yule waliyekosana naye kisa sakata la kisiwa cha Saipan 2002 Keane alipotimuliwa kambini Ireland kabla hata Kombe la Dunia halijaanza, sasa fikiria hao wawili ndo wanakaa meza moja kusaini mkataba 😂. Msimu huo huo wakabeba ubingwa wa ligi wakapanda Premier League.

Jamaa hakutaka mchezo. Siku wanaenda kucheza na Barnsley wachezaji watatu walichelewa basi, akamwambia dereva washa gari twende, wakaachwa hivyo hivyo na timu ikashinda.

Ila hakudumu, Desemba 2008 akasepa, akaenda klabu ya Ipswich nako wakamtimua Januari 2011. Baadae akawa msaidizi wa Martin O'Neill timu ya taifa ya Ireland, 2013 mpaka 2018, wakafika Euro 2016 na kuifunga Italia 1-0.

Mi naona ukali ule ulifaa kiungo wa Man U, sio vijana wa siku hizi.