Picha za buluu za mwani ni kazi ya jua, si akili mnemba
Hapana sheikh, hizo picha za mwani mweupe kwenye karatasi ya buluu unazodai ni za akili mnemba hazikutengenezwa na kompyuta. Hiyo ni sayanotaipu, njia ya kuchapa picha kwa mwanga wa jua aliyoibuni mwanasayansi John Herschel wa Uingereza mwaka 1842. Unachanganya dawa mbili zenye madini ya chuma, unapaka karatasi mahali penye kiza, unaiacha ikauke, kisha unalaza mwani juu yake na kukandamiza kwa kioo angavu. Ukitoa juani, palipopigwa na mwanga panageuka buluu na palipofunikwa na mwani panabaki peupe ukishasuuza. Kamera haimo kabisa. Anna Atkins, Mwingereza mtaalamu wa mimea, alianza kuchapa mwani wa kwao hivihivi mwaka 1843.

Nimeifanya mwenyewe Jambiani, Zanzibar, kwa mwani uliochomolewa kwenye kamba za shamba asubuhi ile ile. Jua la saa sita lilitosha kama dakika 10. Suuza kwa maji ya kawaida tu mpaka rangi ya manjano iishe, wala usitie sabuni, maana magadi yanaifuta buluu. Na usiitundike juani, itapauka.

Ila isikuchanganye ukiona sura ya mtu kwa rangi hiyo hiyo. Hapo teknolojia mpya inaingia kweli: picha ya simu inageuzwa kuwa negativu (peupe panakuwa peusi na peusi panakuwa peupe), inachapwa kwenye plastiki angavu, ndiyo inayolazwa juu ya karatasi badala ya mwani. Mimi naipenda zaidi ile ya mwani wenyewe, kila kijitawi kinaonekana.