Riwaya nimeipenda, mawazo yake siyataki

SWALI: Dada habari za kazi, mi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila kuwaandikia ndo mara ya kwanza. Nimemaliza kusoma Atlas Shrugged ya Ayn Rand, lile libuku kubwaa, wiki tatu nzima usiku silali, na kiukweli nimekipenda sana. Shida ni kwamba mi naamini vyama vya wafanyakazi, naamini tajiri alipe kodi na mgonjwa asiye na hela atibiwe, alafu kitabu kizima kinasema watu wenye mawazo kama yangu ndo wanaobomoa dunia. Rafiki yangu aliponisikia nakisifia akaniambia chagua moja, ama umebadilika ama wewe ni mnafiki. Sijabadilika, na unafiki siuoni, ila cha kumjibu nilikosa. Nikirudie au niachane nacho?

JIBU: Mdogo wangu, unafiki huna, na kitabu usikiache.

Kwa ambao hawajakisoma niwape picha kidogo. Kilitoka Marekani mwaka 1957, kurasa zaidi ya 1,000. Dagny Taggart anaendesha kampuni ya reli ya ukoo wao wakati nchi inaporomoka, Hank Rearden kavumbua chuma kipya chepesi na imara kuliko vyote, serikali inawabana kwa amri juu ya amri, na huku wavumbuzi na wenye viwanda wanatoweka mmoja mmoja, kumbe wamegoma, wako bondeni huko milima ya Colorado na kiongozi wao ni John Galt. Hoja ya mwandishi ni kwamba hakuna mtu anayedaiwa kuishi kwa ajili ya mwenzie, na serikali ibaki na polisi, jeshi na mahakama, basi, biashara isiiguse.

Sasa jiulize, ulipokuwa hulali ulikuwa unakesha na nini hasa? Sidhani kama ni ile hotuba ya Galt redioni, kurasa kama 60 mtu anaongea peke yake. Mi nilikesha na Dagny. Nilikesha na mtu anayejua kazi yake mpaka kwenye mifupa, anayeona reli imechakaa akasikia maumivu kama ya mwilini mwake. Riwaya nyingi watu wanapendana na kusalitiana na hujui wanakula wapi, hii inakaa kwenye kazi yenyewe, injini, madaraja, ratiba, mzigo ufike kwa wakati, na kupenda kazi iliyofanywa vizuri si mali ya wenye viwanda peke yao, fundi mwenye kadi ya chama cha wafanyakazi naye anaipenda hivohivo na pengine zaidi.

Chukua ile treni ya kwanza kwenye reli mpya, najua hiyo sura umeirudia, kila aliyekisoma anairudia. Watu wanasema daraja la chuma cha Rearden litavunjika, kiongozi wa chama cha wafanyakazi anataka kuzuia watu wake wasiendeshe, Dagny anaomba wa kujitolea na madereva wanajitokeza chungu nzima. Treni inakimbia maili 100 kwa saa, na kando ya njia kila maili kasimama mlinzi, wazee waliostaafu reli na watoto wa wafanyakazi, hakuna aliyewatuma. Mi hapo huwa machozi yananilenga. Lakini angalia vizuri nani yuko pale, ni umati wa watu ambao wengi hawana hata jina, wamekuja kwa sababu ile reli wanaiona ni yao. Yani ukurasa mzuri kuliko yote unakubaliana na wewe, haukubaliani na mwandishi.

Alafu kuna Eddie Willers, msaidizi wa Dagny. Mwaminifu, mchapakazi, kampuni ameitumikia tangu ujana, na mwisho wa kitabu treni inakwama jangwani Arizona, abiria wanaondoka na mikokoteni, yeye anabaki na injini iliyokufa. Kule bondeni hakuitwa. Ukisikia uchungu pale basi ni imani yako hiyohiyo inaongea, kwamba mtu hathaminiwi kwa uvumbuzi tu.

Na uzuri wa riwaya ya mawazo ni kwamba unaweza kuitoa nje ukaipima. Reli ya kwanza ya kuvuka Marekani mpaka magharibi, ile iliyokamilika 1869, ilijengwa kwa sheria ya 1862 iliyozipa kampuni mikopo ya serikali na ardhi ya bure kando ya njia. (Wapo wanaotaja reli ya Great Northern ya James Hill iliyofika Pasifiki 1893 kwa sehemu kubwa bila ardhi hiyo, na ni hoja ya haki, usiikimbie.) Ila kinachonikaa mimi ni mgomo wa 1867. Maelfu ya Wachina waliokuwa wanatoboa miamba ya milima ya Sierra Nevada kuipitisha reli ile ya 1869 waligoma, walitaka mshahara sawa na wazungu na saa za kazi zipungue, kampuni ikawazuia chakula mlimani, baada ya kama wiki moja wakarudi kazini. Kwenye riwaya wanagoma wenye mali na dunia inasimama, kwenye historia waligoma waliochimba mahandaki wakalazwa njaa. Mtu akikuuliza unapingana na kitabu wapi, anzia hapo.

Lakini na yeye mwandishi mtendee haki. Alizaliwa Urusi 1905, baada ya mapinduzi duka la dawa la baba yake likachukuliwa na Wabolsheviki, wale wakomunisti walioshika nchi, yeye akaenda Marekani 1926. Kwa hiyo ile hadithi ya kiwanda cha injini ambako wafanyakazi 6,000 wanaamua kila mtu atoe kwa uwezo wake apewe kwa shida zake, mwisho wanaanza kuchunguzana nani kajifanya mgonjwa na wanachukiana mpaka kiwanda kinakufa, isome polepole sana. Hofu ile ina mizizi. Sisi tunaopenda kugawana tunatakiwa tuwe na jibu lake, na jibu la kwamba mwandishi ana roho mbaya halitoshi.

Rafiki yako mwambie hukuapa kiapo, ulisoma kitabu. Au bora zaidi mpe akisome na yeye, mbishane kurasa kwa kurasa, hata miezi iishe.

Kukirudia kirudie, safari hii na penseli, hotuba unaweza kuipitia haraka. Ukifika kwa Eddie na ile injini jangwani niandikie tena, nataka kujua ulikaa upande wa nani.