Vyuma vya madirishani au mshauri nasaha? Jibu kwa mzazi aliye katika bodi ya shule ya bweni

Mzazi mwenzetu ameeleza kwamba katika shule ya upili ya bweni anakosoma bintiye, godoro lilitiwa moto usiku muhula uliopita na maafa yakaepukwa kwa bahati tu. Sasa bodi ya usimamizi, ambayo yeye ni mjumbe wake, inataka kuwatoza wazazi fedha za kununua kamera, kuinua ukuta na kutia vyuma katika madirisha ya mabweni. Yeye anaona heri fedha hizo ziajiri mshauri nasaha, lakini wenzake wanamjibu kwamba usalama ni jambo moja na afya ya akili ni jambo jingine. Nimefundisha katika shule za bweni za mashariki mwa Kenya kwa miaka mingi, na katika sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa mwalimu wa ushauri nasaha, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Naona wenzake wamekosea, ila yeye naye amelirukia suala la mshauri kabla la madirisha halijaisha.

Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unakataza vyuma katika madirisha ya bweni. Unataka madirisha yafunguke kwa urahisi kuelekea nje, milango iwe na upana usiopungua futi 5 na isifungwe kwa nje wakati wanafunzi wamo ndani, bweni liwe na mlango kila mwisho na mwingine wa dharura katikati, na nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Maana yake ni kwamba bodi yenu inapanga kuvunja mwongozo wa wizara kwa fedha za wazazi. Masharti hayo yametokana na vifo. Usiku wa tarehe 26 Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika shule ya Kyanguli, Machakos, katika bweni ambalo mlango wake mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yake yalikuwa na vyuma. Tanzania nayo iliwapoteza wasichana zaidi ya 40 Shauritanga, Kilimanjaro, mwaka 1994, na wengine 12 Idodi, Iringa, mwaka 2009. Moto wa Idodi ulianzia kwenye mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea baada ya taa kuzimwa. Moto wa namna hiyo hauzuiwi na kamera wala na mshauri, na aliyelala ndani anachohitaji ni mlango unaofunguka.

Ninajua vilevile kwa nini vyuma hupendwa, hasa katika shule za wasichana, na sitawacheka wanaovitaka. Mwaka 1991, wasichana 19 walikufa katika shule ya St. Kizito, Meru, baada ya wanafunzi wavulana kuwavamia bwenini usiku. Mzazi anayemwogopa mvamizi ana sababu. Lakini mvamizi huzuiwa na taa za nje zinazowaka usiku kucha, mlinzi anayezunguka badala ya kukaa langoni, matroni anayelala karibu na bweni, na komeo la ndani ambalo mtoto yeyote anaweza kulifungua gizani bila kutafuta ufunguo. Kama madirisha yenu tayari yana vyuma, fundi wa kuchomelea ataviondoa kwa siku chache, na gharama yake haikaribii hata kidogo bei ya kamera mlizoandikiwa.

Baada ya hapo, fanyeni zoezi la kutoka bwenini, na lifanyike usiku. Shule nyingi hulifanya saa nne asubuhi, wanafunzi wakiwa wamevaa sare, kisha hupigwa picha na kuandikwa katika faili. Tulipojaribu usiku kwa mara ya kwanza katika shule mojawapo niliyofundisha, wanafunzi walipoteza muda wakitafuta viatu, masanduku ya bati yalikuwa yameziba njia kati ya vitanda, na mlango wa dharura haukufunguka kwa sababu magodoro ya akiba yalikuwa yamerundikwa nyuma yake. Aliyeyaweka hapo hakuwa na nia mbaya. Hapakuwa na mahali pengine. Msongamano ndio adui ambaye bodi huona haya kumtaja, kwa kuwa kila mtoto wa ziada ana karo yake. Katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, ambako wavulana 21 walikufa Septemba 2024, zaidi ya watoto 150 walikuwa wakilala katika bweni moja.

Sasa nije kwa mshauri. Mwaka 2016, zaidi ya shule 100 nchini Kenya zilichomwa, nyingi kati ya hizo katika muhula wa pili, na yeyote aliyefundisha bwenini anajua uzito wa muhula huo: ni mrefu, una baridi, na mitihani ya mwigo huangukia humo. Wanafunzi pia wamejifunza jambo ambalo watu wazima hawapendi kulikiri, nalo ni kwamba barua ya malalamiko huweza kukaa mezani muhula mzima, lakini moto huifunga shule kesho yake na kuileta wizara, kaunti na waandishi wa habari langoni. Katika kesi ya moto wa Moi Girls, Nairobi, uliowaua wasichana 10 mwaka 2017, aliyepatikana na hatia ya kuua bila kukusudia alikuwa na umri wa miaka 14 wakati wa tukio, na ushahidi uliotolewa mahakamani ulieleza kwamba alitaka kuihama shule hiyo. Simtetei. Ninachosema ni kwamba shule inayomfungia mtoto mlango kwa kufuli mara nyingi ndiyo hiyo hiyo isiyomwachia njia ya kusema kwamba ameshindwa, na ndiyo sababu sikubali kwamba haya ni mambo mawili tofauti.

Hata hivyo, kuajiri mshauri si kumaliza kazi. Katika shule zetu, mwalimu wa ushauri nasaha huwa na vipindi kamili darasani, karatasi za kusahihisha na zamu ya wiki, kisha hutakiwa asikilize shida za mamia ya watoto wakati wa mapumziko ya chai. Kibaya zaidi, mara nyingi huketi katika kamati ya nidhamu. Mtoto aliyemweleza Jumatatu kwamba hukosa usingizi na hutamani kutoroka humkuta Alhamisi upande wa pili wa meza akiamua kama asimamishwe masomo au la. Habari hiyo hufika mabweni yote kabla ya chakula cha jioni, na hakuna mwingine atakayebisha hodi. Kwa hiyo mkimwajiri mtu, sharti la kwanza liwe kwamba hana sauti katika adhabu ya mwanafunzi yeyote, na ofisi yake isipakane na ya naibu mwalimu mkuu. Sanduku la maoni nalo lisiwekwe mbele ya ofisi hiyo. Nimeona masanduku ya namna hiyo yakikusanya vumbi tu.

Msiwasahau wasio walimu. Matroni, mpishi na mlinzi huona mengi kabla yetu: msichana aliyeacha kula chakula cha jioni, mvulana anayegawa vitu vyake kwa marafiki, bweni ambalo wanafunzi wameanza kusogeza masanduku yao karibu na mlango, au kimya kisicho cha kawaida wakati wa masomo ya usiku. Wengi wao hawajawahi kuulizwa lolote. Sisi tulianzisha kikao kifupi cha kila wiki ambacho mpishi alihudhuria kama mwalimu, na kwa maoni yangu kikao hicho kilitupa taarifa nyingi kuliko semina zote nilizotumwa.

Kuna suala moja ambalo shule hulifunika zaidi kuliko moto, nalo ni mwanafunzi anayefikiria kujiua au aliyejaribu kufanya hivyo. Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio hilo kuwa kosa la jinai, na ninafahamu matukio yaliyoandikwa kuwa malaria katika daftari la zahanati ya shule ili polisi wasiitwe. Januari 2025, Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba, kwa hiyo kisingizio hicho kimepungua nguvu. Mwalimu anayemshuku mwanafunzi amuulize waziwazi, kwa upole na faraghani, kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo kichwani. Kabla ya mazungumzo, amweleze ukweli kwamba siri zote atazitunza isipokuwa ile inayohatarisha uhai wake au wa mwingine. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, mzazi aitwe, na apelekwe hospitali ya kaunti siku hiyo hiyo. Nambari 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bila malipo Kenya na hata Tanzania, na inafaa kubandikwa ndani ya mabweni, pamoja na ruhusa ya kweli ya kutumia simu ya shule bila mwalimu kusimama begani.

Kuhusu wasichana walioliona godoro likiwaka, msiridhike na mgeni mmoja kuja kuwahutubia ukumbini. Wengi huonekana wazima wiki za kwanza, kisha dalili hutokea baadaye, kengele inapolia ghafla au harufu ya moshi inapotoka jikoni. Wale wa bweni hilo wasikilizwe katika vikundi vidogo muhula mzima. Tena, ninapinga vikali desturi ya kuwatuma wanafunzi nyumbani baada ya moto, kisha kuwarudisha wote kwa faini sawa na kuwapanga mstari na wazazi wao mbele ya walimu wote, kwa sababu wengi walikuwa usingizini, nao huanza muhula wakiwa na kinyongo ambacho hawakuwa nacho.

Kamera sizikatai kabisa. Langoni na kwenye ghala zina kazi yake, mradi tu zinunuliwe mwisho. Katika kikao kijacho, kabla ya kupiga kura kuhusu malipo yoyote, omba bodi yote itembee hadi bwenini baada ya taa kuzimwa, kisha muulize matroni ni nani anayeshika funguo na usiku ule yuko wapi.